Naomba ushauri: Miraba ya kijani na sauti kuachana na picha ninapohariri upya video iliyokwisha kubanwa

Mhariri wa Jinja
Ndugu zangu, salaam. Familia moja ya hapa Jinja imeniomba niifupishe video ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya binti yao. Kadi za kamera zilikwisha kutumiwa kwa kazi nyingine, hivyo kilichobaki ni faili la MP4 la H.264 (mfumo wa kubana video) walilokabidhiwa wakati ule, pamoja na vipande ambavyo wageni walirekodi kwa simu wakavituma kwa WhatsApp. Faili kuu likichezwa kwa VLC, programu ya kutazamia video, linakwenda vizuri. Nikilikata na kulitoa upya kwa Shotcut, programu ninayohariria, kwenye baadhi ya maungio picha huvunjika ikawa miraba ya kijani na kijivu kwa kitambo kifupi, kisha hutulia. Katika vipande vya simu, sauti hutangulia midomo, na pengo huzidi kadiri kipande kinavyoendelea. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Je, kasoro iko kwenye mashine au kwenye faili? Sipendi kuwakabidhi wazee kumbukumbu ambayo nyuso zao zimepasukapasuka.

Fundi wa Mbale
Kabla hujanunua chochote, toa sehemu hiyohiyo mara mbili bila kubadilisha mpangilio wowote, kisha linganisha. Miraba ikitokea palepale, chunguza faili; ikihamahama, shuku kadi ya michoro au RAM, na uanze kwa kuzima usaidizi wa kadi ya michoro katika programu.

Mimi naelekea kwenye faili, kwa sababu ya namna H.264 inavyohifadhi picha. Fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, chache tu huhifadhiwa nzima. Zinazofuata huandika mabadiliko peke yake, mathalani mkono ulioinuka au gomesi (vazi la kina mama) iliyopepea, na nyingine hutegemea hata fremu iliyo mbele yao. Ukikata katikati ya mlolongo huo, programu hulazimika kurudi hadi kwenye fremu nzima iliyotangulia na kuzijenga upya zote zilizo katikati, ndipo ikupe ile uliyoitaka. Isipofaulu, huonyesha kijani au kijivu mpaka ifike fremu nzima nyingine. VLC haitaabiki kwa kuwa hucheza kwa mfululizo tangu mwanzo.

Dada wa Studio, Kampala
Naungana na Fundi. Ligeuze faili kabla ya kulihariri, liwe la kodeki (mfumo wa kuhifadhi video) ambayo kila fremu hujitegemea, kama DNxHR au ProRes. Shotcut yenyewe ina amri ya kugeuza kipande kiwe chepesi kuhaririwa, utaikuta kwenye sifa za kipande. Ila jiandae kwa nafasi: ProRes 422 ya 1080p kwa fremu 25 kwa sekunde hutumia takriban megabiti 122 kila sekunde, yaani saa moja hukaribia GB 55. Geuza sehemu utakazotumia tu, tena kwenye diski ya nje. Ubora uliokwisha kupotea haurudi kwa njia hiyo; unachopata ni kwamba haupotei zaidi ukiwa kazini.

Kuhusu sauti, simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, hasa penye mwanga hafifu, na programu ikiichukulia kuwa kasi moja, sauti huachana na picha. Unapogeuza, weka kasi thabiti inayolingana na ya faili kuu. Waombe pia wageni wakutumie upya video zao kama hati, kwa maana WhatsApp hubana zile zinazotumwa kwa njia ya kawaida.

Mhariri wa Jinja
Ahsanteni sana. Miraba ilirudi palepale, nikageuza faili kwa DNxHR. Maungio yote yamekuwa safi na midomo inaendana na sauti, isipokuwa mahali pamoja, baba anapopokea kanzu: hapo miraba imo hata ndani ya faili lililogeuzwa. Nimelitazama lile la awali polepole, nayo iko humo.

Fundi wa Mbale
Basi data ya mahali hapo imeharibika, na hakuna kugeuza kutakakoiponya. Ulizia kwanza kama ndugu mwingine ana nakala yake katika flashi. Ikikosekana, acha sauti iendelee na ufunike picha kwa kipande cha simu cha dakika hiyohiyo. Ukimaliza, toa kwa H.264 ukitumia CRF 18 (kipimo cha ubora; namba ikiwa ndogo, ubora ni mkubwa), na safari hii hifadhi pia toleo la DNxHR.