Printa inatafuna karatasi kila masika, fundi anataka nibadilishe dramu

Wa Malindi: Asalaam alaykum jamani. Nna kiduka cha stesheneri huku Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, printa ya leza, kiangazi haina tatizo lakini tangu mvua zianze karatasi zinaingia mbili mbili, zikitoka zimejikunja na maandishi yamefifia mabaka mabaka. Fundi kaja katizama mara moja tu kasema dramu, ile silinda inayochapa wino, imekwisha, na bei alonitajia karibu nusu ya printa yenyewe. Mchana nawasha AC 18, jioni nazima nafunga. Nitoe hizo pesa? Watoto wa skuli wana mitihani, foleni mpaka nje

fundi Chake: Yakhe usitoe kitu kwanza. Dramu haijui masika wala kiangazi, ikichoka imechoka mwaka mzima. Rimu zako unaweka wapi? Tona, yaani wino wa unga, inashika kwenye karatasi kwa umeme, sasa karatasi ikishakunywa unyevu ule umeme unavuja, tona haikamati sawasawa, halafu ikipita kwenye fyuza, zile rola za moto zinazogandisha tona, maji yanatoka ghafla ndo inajikunja. Tizama pale inapotokea, ukiona kimvuke si moshi ule, karatasi mbichi. Fungua rimu mpya uprinti kurasa chache, zikitoka safi huyo fundi mwambie akupishe

Wa Malindi: Ziko sakafuni zimeegeshwa ukutani, na ukuta wenyewe wa mawe na chokaa, masika unatoa jasho. Mvuke nauona kweli, nikajua inaungua!!

Bi Paje: Khaa, kuta za Mji Mkongwe hizo zinavuta maji toka chini mwanangu. Weka kwenye shelfu mbali na ukuta, rimu usiichane yote, lile ganda lake la nje ndo linalozuia unyevu, zilobaki tia kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko na usiku usiziache kwenye trei. Na atakokwambia utie mchele unyonye unyevu usimsikilize, vumbi lake litaishia kwenye rola za printa

fundi Chake: Na hiyo 18 ipandishe. Mashine ikipoa hivyo kisha ukafungua mlango, hewa ya nje inageuka maji juu yake, mpaka ndani kwenye bodi. Weka 25 au 26, au ile alama ya tone kwenye rimoti, ya kukausha hewa. Jioni ikishapoa funika kwa kanga, si nailoni

mvuvi wa Wete: sie wa pwani tusokuwa na AC je? chumvi ishanila soketi za redio zote kijani

fundi Chake: Zima, chomoa, brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile ya 70 ina maji. Kamera na vidogo vidogo tia kwenye boksi lenye silika, zile chembe za kunyonya unyevu, zikibadilika rangi zikaushe kwa oveni ya moto mdogo utumie tena

Wa Malindi: Nimefungua rimu mpya, maandishi meusi tii! Ila mbili mbili bado mara moja moja

fundi Chake: Rola ya kuvutia karatasi hiyo. Ipanguse kwa kitambaa kilotiwa maji kidogo iache ikauke, ikiwa imeng'ara kama soli ya kandambili kuukuu basi badilisha, bei yake haifiki hata robo ya dramu