Acheni kumsimanga PinkPantheress kwa lafudhi yake, hamjui mnachokisikia

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, leo nafungua huu uzi. Kila wimbo mpya wa PinkPantheress, yule mwimbaji wa Uingereza, ukitua mtandaoni, ukishuka kwenye maoni unakuta yale yale. "Anajifanya Mzungu." "Anameza maneno." "Anabana pua." "Mama yake si Mkenya? Hiyo lafudhi kaitoa wapi?" Na wanaoandika hivyo si Wamarekani peke yao. Ni watu wa Nairobi, Mombasa na Dar, tena wengine wanajiita wachambuzi wa muziki. Kama hupendi sauti yake, sawa, pita zako. Lakini lafudhi ni kitu kinachopimika. Unasikiliza, unaandika, unahesabu. Nyinyi mmeanza kumshambulia binti wa watu bila kuhesabu chochote.

Amezaliwa Bath mwaka 2001, akakulia Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Baba Mwingereza, mama Mkenya. Alikuwa mwanafunzi wa chuo London alipoanza kurusha vipande vyake TikTok, akirekodi mwenyewe kwa GarageBand (programu ya kurekodia muziki kwenye kompyuta), na Januari 2022 BBC ikamtangaza mshindi wa Sound of 2022, ile tuzo ya wasanii chipukizi. Sasa niambieni, mtoto aliyelelewa Kent mlitaka aongee kama nani? Lafudhi hairithiwi kwenye damu. Mtoto anaiokota kwa wenzake, mtaani na shuleni. Mzazi wa Kisumu akilea mtoto Tanga, mtoto ataongea Kitanga, na hakuna atakayemwita mwongo. Kwa huyu mmegeuza kibao kwa sababu tu mngependa kumsikia mama yake ndani ya sauti yake.

Hili la "kujifanya" ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mambo yamepinduliwa kichwa chini miguu juu. Kwenye muziki wa pop wa Kiingereza kuna lafudhi ya kuvaa, nayo ni ya Kimarekani. Mwaka 1983 mwanaisimu Peter Trudgill alichapisha uchunguzi wake kuhusu waimbaji wa Uingereza: aliwakuta wakishika kipaza sauti wanabadilisha matamshi. Ile t ya katikati wanaigeuza, "dance" wanaisema kwa a ya mbele ya Kimarekani, "my" inakuwa "maa". Akaonyesha pia kwamba Beatles walianza na Umarekani mwingi, ukapungua kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa hiyo Mwingereza anayeimba kama anavyoongea nyumbani ndiye aliyeivua ile nguo ya kuazima. Masikio yenu yamezoea nguo hadi mkimwona mtu hajaivaa mnasema ndiye kavaa.

Na mjue Kiswahili chenyewe kinamtetea. Tunasema kadi, shati, nesi, fomu, baa. Ile r ya "card", "shirt", "nurse", "form" na "bar" iko wapi? Haipo, kwa sababu maneno haya tuliyapokea kwa watu wasioitamka r baada ya irabu. Tunasema boksi, soksi, bosi, kopi, kwa o ya mdomo wa duara. Yangekuja kwa mdomo wa Mmarekani, pengine leo tungesema baksi na saksi. Matamshi anayoimba nayo huyu binti yamo ndani ya lugha yako tangu babu yako, nawe unayaita ya kujishaua.

Sasa tuje kwenye ile t, maana hapo ndipo povu linapotoka. Mnasema anameza herufi. Hebu sema "a-a!" kama unavyomkataza mtoto anayetaka kushika sufuria la moto. Pale kati ya a ya kwanza na ya pili sauti inakatika ghafla: koo limejifunga na kufunguka. Huo mkato wa koo ndio anaouweka mahali pa t katika baadhi ya maneno, hasa t ya mwisho wa neno. Hajaacha kutamka kitu, ametamka sauti nyingine kamili. Ukienda London na vitongoji vyake hadi Kent, vijana wengi wanaongea hivyo kutwa nzima. Mmarekani naye akisema "better" hatamki t. Ulimi wake unagonga mara moja juu, sauti inayotoka ni jirani kabisa na r yetu ya "kura". Wote wawili wameibadilisha t. Mmoja mnamwita mwanamuziki, mwingine mmeza maneno.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo wachambuzi wetu hawaligusi. T ya Kiingereza cha vitabuni inatoka na pumzi. Watu wa Mombasa wataelewa haraka: paa wa porini ana pumzi kwenye p yake, paa la nyumba halina. T yenye pumzi mwanzoni mwa silabi yenye mkazo hula kama milisekunde 70 kabla irabu haijaanza. Sasa chukua mdundo wa kasi wa klabu za Uingereza, ule wa mapigo 170 hivi kwa dakika, ambao baadhi ya nyimbo zake za mwanzo zimejengwa juu yake. Pigo moja ni milisekunde 353. Ligawe mara nne upate nafasi ya silabi fupi: milisekunde 88. Ukijaza t zenye pumzi humo, irabu inabaki na kibanzi. Mkato wa koo unafunga kwa usafi, irabu inapata nafasi yake, na mdundo haupotezi makali. Ile t ya Kimarekani inayogonga kama r yetu nayo ni fupi, nakubali, ingetosha vilevile. Ndiyo maana nasema hakuna uvivu hapo. Njia zipo mbili zinazofanya kazi, yeye katumia ya kwao.

Tena yeye anaimba kwa sauti ya chini sana, karibu kunong'ona. Sauti ya namna hiyo inarekodiwa mdomo ukiwa karibu na maiki, halafu inabanwa na kupandishwa ili isizame chini ya ngoma. Ukiipandisha, kila pumzi inapanda nayo. T yenye pumzi inakuwa kofi sikioni, s inakuwa filimbi, ndipo fundi anaanza kukimbizana na kila konsonanti kuipunguza. Anayekata t kwa koo anakuwa amemrahisishia fundi kazi kabla hata kifaa hakijawashwa.

Kuhusu r, nitasema kwa ufupi. Waalimu wengi wa kwaya, Marekani kwenyewe, wanawazuia waimbaji wao wasiivute r ya mwisho, kwa sababu ulimi ukijikunja irabu inabanwa na noti ndefu inakosa mwanga. Kasoro mnayoitaja ni somo ambalo wengine wanalipia ada.

Na "kubana pua"? Hili lina kipimo cha bure. Imba irabu ya a kwa sauti ndefu, kisha zibe pua kwa vidole viwili. Sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inapita puani. Isipobadilika, pua haihusiki. Mwigeni vile anavyoimba, juu na laini, mfanye hivyo, muone kama irabu zinawahitaji pua. Mnachokisikia ni sauti nyembamba. Wembamba unatokana na kuimba kwa sauti ya kichwa, na unazidi kwa sababu wengi wenu mnasikiliza kwenye spika ya simu, ambayo sehemu ya chini ya sauti ya mtu haiwezi kuitoa. Simu imenyoa nusu ya mwili wa sauti, lawama anabebeshwa mwimbaji.

Mfano wa mwisho, halafu nitulie. Februari 2023 alitoa wimbo pamoja na rapa Ice Spice wa Bronx, New York, ukafika nafasi ya 3 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani. Mmoja anaimba kwa lafudhi ya kusini mwa Uingereza, mwingine anachana kwa lafudhi ya New York, dakika mbili na kitu tu. Utamu wa wimbo ule uko hapo: mmoja kama anaomba radhi, mwingine kama amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Ice Spice hakuambiwa aache Ubronx wake, iweje huyu aambiwe aache Ukent wake?

NYONGEZA 1

Naona majibu yamekuwa mengi. Mkuu uliyeandika kwamba "lafudhi za mtaani zinaharibu vina, ndiyo maana kuna lugha sanifu ya kuimbia", hebu shika hapo hapo. Ni kinyume chake. Vina vinatengenezwa na masikio ya mtunzi, na masikio yana kwao. Nenda kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Katika Kimvita macho ni mato, njia ni ndia, nchi ni nti. Mshairi akifunga mstari kwa mato, anapata kina cha -to pamoja na moto, mto, pato. Mje nyinyi na usanifu wenu mgeuze iwe macho, kina kimevunjika na beti imekufa mikononi mwenu. Mwandishi wa nyimbo anayetunga kwa lafudhi ya kwao anafanya kazi ile ile: maneno mawili ambayo kwenye kamusi hayalingani, mdomoni mwake yanalingana, kwa sababu r imeanguka au l ya mwisho imegeuka kuwa kama o. Ukimlazimisha aimbe Kimarekani, unamnyang'anya nusu ya kamusi yake ya vina. Yeye anaimba na anatunga. Huwezi kugusa matamshi bila kugusa utunzi.

Na usisahau muziki wenyewe. Nyimbo alizotokea nazo zimetumia vipande vya muziki wa klabu za Uingereza wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Ule muziki una kwao. Ukiuwekea lafudhi ya California unakuwa kama taarabu ya Unguja iliyoimbwa na mtu anayelazimisha Kiswahili cha taarifa ya habari. Maneno yote yatakuwepo, ladha itakuwa imeondoka.

NYONGEZA 2

Dada uliyeuliza kwa ustaarabu "nitajuaje mwenyewe kama ni lafudhi yake kweli", ahsante, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri. Ni kazi ya nusu saa hivi.

Vaa spika za masikioni, ile spika ya simu iache. Tafuta wimbo kwenye akaunti yake rasmi, punguza kasi hadi 0.75. YouTube ikipunguza kasi haishushi sauti, kwa hiyo bado utamsikia yeye. Kwenye karatasi chora safu nne: t ya katikati au mwisho, r baada ya irabu, o ya maneno kama "body" na "stop", na l ya mwisho. Sikiliza ubeti mmoja na kiitikio, kila neno linaloangukia kwenye safu liandike na uweke alama: la Uingereza, la Marekani, au halieleweki. Kisha tafuta mahojiano yake yoyote, dakika tano zinatosha, urudie safu zile zile akiwa anaongea. Linganisha.

Utakuta havilingani asilimia mia, usishtuke. Noti ndefu inavuta irabu, na kiimbo cha maongezi chote kinafutwa na melodi, kwa hiyo lafudhi ya mtu yeyote hupungua akiimba. Usitazame ukali wake, tazama mwelekeo: je, safu zinaegemea upande ule ule akiongea na akiimba? Anayejifanya huegemea Kent kwenye kipaza sauti na kwingine kwenye mahojiano.

Wengi wanakosea pale wanaposikiliza vile vipande vilivyoongezwa kasi vinavyozunguka TikTok. Wimbo ukiongezwa kasi kwa robo bila kurekebishwa, sauti inapanda karibu nusu toni 4, na irabu zote zinahama pamoja nayo. Mtu anakuwa kama katuni. Nina uhakika nusu ya wanaomwita "kitoto" na "pua" hawajawahi kumsikia kwa kasi yake halisi. Video za matamasha zilizorekodiwa na mashabiki nazo ziache, maiki ya simu inalemewa na besi na konsonanti ndizo za kwanza kupotea.

Na kama baada ya hapo bado kuna neno hulisikii, rudi utazame ni wapi limepotea. Mara nyingi utakuta ngoma imelipanda juu, au amenong'ona mno. Hilo ni suala la uwiano wa sauti na muziki, na mnaruhusiwa kumkosoa kwa hilo, hata mimi kuna mahali ningependa sauti ipandishwe kidogo. Ila liandikeni hivyo: "sauti iko chini". Msiandike "lafudhi".

Walioandika matusi kuhusu mama yake, nimewaripoti kwa wasimamizi wa jukwaa.