Kaka yangu aliingia ICU na jeraha la kichwa, akatoka na shimo juu ya makalio. Na bili ya shimo hilo tumeletewa sisi!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kaka yangu alipata ajali ya bodaboda, akaumia kichwa, akalazwa ICU ya hospitali moja kubwa ya rufaa. Jina silitaji kwa kuwa malalamiko yetu bado yako mezani kwao. Akawekewa mashine ya kupumulia, dawa za usingizi, kola shingoni, mpira wa chakula puani na mpira wa mkojo. Kwa upande wa kichwa walifanya kazi, nawashukuru. Leo anaongea, anatutambua wote, anaulizia watoto wake. Lakini kukaa hawezi. Kinachomlaza mpaka sasa ni kidonda cha mgandamizo, yaani kinachotokana na ngozi kubanwa sehemu moja muda mrefu, pale uti wa mgongo unapoishia, na ni daraja la nne. Kwa asiyejua, daraja la nne maana yake ngozi imekwisha, mafuta yamekwisha, nyama imekwisha, mfupa unaonekana. Kingine kiko kisogoni. Kingine chini ya kidevu, pale pale ilipokuwa kola. Kisigino cha kushoto kimekuwa cheusi na kigumu.

Hakuna aliyetuambia! Kila tulipoingia kumwona tulimkuta amefunikwa shuka hadi kifuani, tunasimama dakika chache, tunatolewa. Tumekuja kujua alipohamishiwa wodi ya kawaida, ambako ndugu ndio tunaoogesha wagonjwa wetu. Mama alimgeuza ubavu ili amsugue mgongo, akauona mfupa wa mwanawe. Sista wa wodi akasema kampokea akiwa hivyo hivyo. Nikarudi ICU, nikajibiwa kwamba ni ugonjwa, na mgonjwa mahututi lazima apate vidonda.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue huu uzi, maana si kweli.

Ni kweli kwamba ngozi ya mgonjwa mahututi iko hatarini kuliko ya mtu mwingine yeyote. Presha ikishuka, mwili unaipunguzia ngozi damu ili moyo na ubongo vipate. Dawa kama noradrenalini, ya kupandisha presha, nayo inabana mishipa ya damu ya ngozi. Mtu mzima akiwa usingizini hujigeuza bila kujua akichoka upande mmoja, ila aliyepewa dawa za usingizi hajigeuzi wala hasikii maumivu ya kumfanya alalamike. Ongeza jasho, homa, pampasi iliyolowa, na ule mpira unaotandikwa chini ya shuka. Ongeza lishe duni. Haya yote nayakubali. Hata wataalamu wanakubali kwamba vipo vidonda visivyozuilika kwa mgonjwa ambaye mwili umeshindwa kabisa. Lakini huwezi kusema hakikuzuilika wakati hukujaribu kukizuia. Nilipoomba karatasi ya kugeuzwa, ile inayoonyesha saa ngapi alilazwa upande gani na nani alisaini, haikuwepo. Si kwamba ilikuwa na mapengo. Haikuwepo kwenye faili!

Vyuoni wauguzi wanafundishwa kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, na mwenye godoro zuri la upepo anaweza kupangiwa muda mrefu kidogo. Analazwa kwa kuinamishwa kama nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo, si ubavu kamili, maana hapo mfupa wa nyonga nao utaanza kubana nyama. Kitanda kinainuliwa upande wa kichwa kuzuia nimonia inayowapata walio kwenye mashine ya kupumulia, sawa kabisa, ila mwili unateleza polepole kwenda chini huku ngozi imenasa kwenye shuka. Mfupa unashuka, ngozi inabaki, mishipa midogo ya damu katikati inavutwa na kujikunja. Ndiyo maana mara nyingi uharibifu unaanzia ndani, karibu na mfupa, na siku ngozi inapopasuka kazi imeshaharibika zamani.

Sasa nisikilizeni kwa hili. Nilimuuliza muuguzi mmoja wa ICU kama walikuwa wanaikagua ngozi, akaniambia walikagua na hawakuona wekundu. Kaka yangu ni mweusi! Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na mara nyingi hauonekani kabisa. Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa kwa kuangalia ngozi ya Mzungu, ambayo ikibanwa inakuwa nyekundu, ukibonyeza inageuka nyeupe, na isipogeuka nyeupe ujue daraja la kwanza limeingia. Kwetu inabidi utumie mkono. Unapapasa mahali palipo juu ya mfupa unalinganisha na ngozi ya pembeni: pana joto zaidi au ubaridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelainika na kutepeta? Pameiva kuelekea zambarau au weusi uliokolea? Mgonjwa mwenye fahamu utamuuliza kama panauma. Hili halihitaji mashine wala mkopo. Linahitaji mwanga, mkono na nia. Inakuwaje hospitali iliyojaa wagonjwa weusi inasubiri kuona wekundu?

Kuhusu vifaa pia. Chini ya visigino vyake waliweka glovu zilizojazwa maji. Miongozo ya kimataifa ya vidonda hivi ilishakataa glovu za maji, kwa sababu kisigino kinatakiwa kining'inie bila kugusa kitu, na mto unawekwa chini ya shavu la mguu. Wengine bado wanasugua spiriti mgongoni, wakati spiriti inakausha ngozi, na kusugua kwa nguvu mahali palipoanza kuumia kunazidi kuharibu nyama ya chini. Na hizi kola, mipira ya puani, barakoa za oksijeni, zote zinabana ngozi. Lazima zisogezwe na pachunguzwe kila siku. Wakati wa Uviko-19 wagonjwa duniani kote waliolazwa kifudifudi walitoka na vidonda usoni, kwa hiyo hakuna wa kuniambia jambo hili ni geni.

Kuna kipimo cha hatari ya kupata vidonda hivi kinaitwa Braden, kilichotolewa na wauguzi wa Kimarekani mwaka 1987. Kina vipengele sita: hisia, unyevu wa ngozi, shughuli, uwezo wa kujongea, lishe, na msuguano. Alama ni 6 hadi 23, na aliye na 18 kushuka chini anahesabiwa yuko hatarini. Ni kalamu na karatasi. Kaka hakupimwa siku aliyoingia wala siku aliyotoka.

Najua kuna mtu atakuja kuandika kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, niliona kwa macho usiku mmoja nesi anakimbia kitanda hadi kitanda, na mwanaume mwenye mwili kama wa kaka hageuzwi na mtu mmoja. Simlaumu yule nesi. Namlaumu aliyepanga zamu ile. Mwaka 2021 Tanzania ilipokea mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na Uviko-19, na sehemu yake ikajenga na kuwekea vifaa ICU. Tulipiga makofi. Lakini kitanda na mashine havimgeuzi mgonjwa, watu ndio wanaomgeuza. Mimi na mdogo wangu tuliomba tuelekezwe jinsi ya kusaidia kumgeuza, tuko tayari kuvaa gauni na kunawa kadiri wanavyotaka. Tukaambiwa ndugu haruhusiwi. Basi kama ndugu haruhusiwi na wafanyakazi hawatoshi, nani alitakiwa kumgeuza?

Halafu ikaja bili. Kusafisha kidonda, kila siku mstari wake. Gozi. Antibayotiki za kidonda. Daktari wa upasuaji kuja kukiangalia. Yaani kidonda kimetengenezwa kwenye kitanda chao, tukiwa tunalipia kitanda hicho, kisha na matibabu yake tulipe sisi. Marekani, tangu Oktoba 2008, Medicare, bima ya afya ya serikali yao hasa kwa wazee, iliacha kuzilipa hospitali fedha za ziada kwa vidonda vya daraja la tatu na la nne vilivyopatikana mgonjwa akiwa tayari amelazwa. Bima zetu hapa zinashindwa nini kuuliza hospitali swali hilo hilo? Zikianza kugoma kulipa, karatasi za kugeuza wagonjwa zitapatikana kesho yake asubuhi.

Nimeandika barua kwa mganga mfawidhi, na nakala nimeipeleka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nimeomba ngozi ya kila mgonjwa anayeingia ICU ikaguliwe mbele ya ndugu na kuandikwa, karatasi ya kugeuzwa ining'inie kitandani ambapo kila mtu anaiona, na ndugu waambiwe siku ile ile ngozi inapoanza kuharibika. Hawajajibu.

Wiki ijayo kaka anaingia chumba cha upasuaji kukatwa nyama iliyokufa, na dirisha la malipo wametaka tulipe kwanza. Wanasheria na wauguzi mliomo humu, naombeni msaada wenu: tunaweza kukataa kulipia kidonda hiki kwa maandishi bila yeye kunyimwa huduma? Na barua hiyo inaanzia kwa nani, ustawi wa jamii au mganga mfawidhi mwenyewe?