Siku moja Unguja na mgeni, ratiba hii inatosha? Msaada wakuu

DogoWaMabibo: Habari za jioni wakuu. Jumamosi navuka Unguja na mgeni wangu, boti ya saa moja asubuhi, kurudi ya saa kumi jioni. Kuna mshkaji mwenyeji wa kule kanipangia: Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, soko la watumwa Mkunazini, Darajani, tuvuke Changuu kuona makobe, halafu tumalizie Forodhani na pweza. Mi sijawahi kufika na sitaki kuaibika. Itatosha? Usingizi hauji.

Kinyozi Mstaafu: Inatosha sana. Mi nilivuka na binti mmoja mwezi wa saba, nimepiga suti nyeupe, si unajua kusi linavyovuma, tulipofika katikati ya mkondo boti ikaanza kupanda na kushuka, binti chipsi zote zikahamia kwenye suti yangu, tukashuka bandarini hatuongei na mpaka leo hatuongei. Kale ndizi tu asubuhi.

BiMkunazini: Huyo mwenyeji wako mwenyeji wa wapi? Wauza chakula Forodhani wanapanga meza jua likielekea kuzama, saa hizo weye ushafika Dar. Changuu ni kama nusu saa kwa kiboti, kwenda, kuzunguka makobe na kurudi asubuhi yote imekwisha. Beit el Ajaib sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, usiitegemee kuingia. Na kwani mgeni ni mtu wa namna gani? Maana vile vyumba vya chini Mkunazini dari fupi, mtu anaingia kainama.

DogoWaMabibo: Ni mgeni wa kawaida tu dada. Mtu mzima.

Chapati Moto: "Mtu mzima" 😂😂 jimama hilo. Mkuu sema tu nani analipa boti.

DogoWaMabibo: Acheni utani jamani. Nalipa mimi na tiketi nishakata. Haya, ni mama mkwe. Ana miaka 68, katokea Urambo, bahari hajawahi kuiona. Magoti yanamsumbua kidogo.

Chapati Moto: Kidogo kiasi gani?

DogoWaMabibo: Anatembelea fimbo. Ila ni mkakamavu, na Changuu ndo anakotaka kufika, makobe nilishamwonyesha kwenye simu. Siwezi kumwambia yamehama.

Mzee wa Kaliua: Kijana mi ni wa hukohuko Tabora. Sisi tulikuwa tukimwona mama mkwe anakuja tunaingia kwenye mahindi. Leo unataka ukae naye siti moja saa mbili baharini, ukitapika je? Yeye akitapika je, unamshika wapi? Kuna heshima mkizivunja hazirudi. Watoto wa siku hizi mmesoma lakini hamjafundwa.

Kinyozi Mstaafu: Usivae nyeupe.

Mpiga Ramli: Subirini kwanza. Huyuhuyu mwezi uliopita kafungua uzi kule mahusiano analia kwamba ukweni wamemtajia ng'ombe kumi na mbili na hana hata mbuzi. Leo ana mama mkwe, boti na pweza. Wakuu hii ni chai, tena ya rangi.

Chapati Moto: Nimeuona uzi wenyewe. Mods funga hii.

DogoWaMabibo: Sio chai! Barua wameipokea, mahari ndo bado. Mama yuko Dar kwa binti yake mkubwa anatibiwa hayo magoti, nikaona ni nafasi. Kuna ubaya gani mtu akimjua mkwewe kabla ya kikao? Wakishuka hata hadi saba mi naoa.

Mpiga Ramli: Kwa hiyo unamhonga kwa makobe 😂😂😂

Mzee wa Kaliua: Halafu kikaoni wanaoongea ni wajomba na baba wadogo. Ungempeleka mjomba mtu.

Chapati Moto: Binti mwenyewe anajua?

DogoWaMabibo: Anajua nusu. Anajua tunaenda Feri kununua samaki.

BiMkunazini: Mie chai au si chai hainihusu, yule mama akishuka bandarini papasi, wale vijana wa kuongoza wageni, watamzonga kila mmoja anavuta begi, kwa hiyo nisikilize. Changuu ifute, kile kiboti anaweza kushushiwa majini mpaka magotini. Ongeza usiku mmoja, vyumba viwili, yeye apate cha chini, ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zimesimama kama mnazi. Vitambulisho msisahau. Teksi iwashushe Mkunazini, kanisa lile limejengwa palepale penye soko lililofungwa 1873, aingie kanisani akae, vyumba vya chini uvione weye. Halafu vichochoroni polepole, baraza za mawe zipo kila nyumba, akichoka anaketi, watu watamsalimia na wala hatoona kama anapumzishwa. Jioni ndo Forodhani, na uulize bei kabla hujajaziwa sahani. Na usije na kaptula.

DogoWaMabibo: Asante dada, Mungu akubariki. Tiketi ya kurudi nitajaribu kuisogeza. Makobe nitamwambia wamelala. Ila swali la mwisho, pweza anatafunika? Mama ana meno ya bandia.

Mzee wa Kaliua: Na meno umeshayachunguza. Ng'ombe wawe ishirini.

BiMkunazini: Mnunulie urojo.