Naomba ushauri: elektroni zinapoteza nishati katika uigaji mrefu wa plazma (gesi yenye chembe za chaji) kwa kompyuta

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, ninaandika programu inayofuata mwendo wa elektroni katika uga sare wa sumaku, bila uga wa umeme. Kwa kuwa sumaku haifanyi kazi yoyote juu ya chaji, kasi ilipaswa kubaki ileile. Hata hivyo, kwa mbinu ya Runge-Kutta ya daraja la nne (ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua; daraja likiwa juu, kosa hupungua haraka zaidi hatua ikifupishwa), yenye hatua takriban 31 kwa kila mzunguko, baada ya hatua milioni 1 nishati iliyobaki haifiki nusu. Je, nifupishe hatua au nitafute daraja la juu zaidi? Baadaye nitaongeza uga unaozalishwa na chembe zenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, hiyo ni tabia ya mbinu yenyewe. Kwa hatua ya ukubwa huo, kila hatua hupoteza takriban sehemu 9 kati ya milioni 10 za nishati, na kwa kuwa upotevu huelekea upande uleule daima, hujilimbikiza. Kufupisha hatua kutauchelewesha tu. Tumia algoriti ya Boris ya mwaka 1970: sukuma chembe kwa nusu ya msukumo wa umeme, zungusha vekta ya kasi kwa uga wa sumaku, kisha malizia nusu ya pili. Sehemu ya kati ni mzungusho halisi, hivyo urefu wa vekta haubadiliki, ukiacha makosa madogo ya desimali za kompyuta. Ni ya daraja la pili tu, na katika hali yako mzunguko utachelewa kwa takriban 0.3%, lakini mimi ningekubali ucheleweshaji huo kuliko elektroni inayopoa bila sababu ya kifizikia.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana naye, kwa tahadhari moja. Boris si mbinu ya simplektiki, yaani haihifadhi muundo wote wa kijiometri wa milinganyo ya mwendo. Hong Qin na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba inachohifadhi ni ujazo katika nafasi ya mahali na kasi kwa pamoja. Uga ukibadilika kutoka mahali hadi mahali, endelea kuipima nishati, wala usibadilishe urefu wa hatua kiholela katikati ya uigaji.

Mleta uzi:
Nashukuru sana. Je, nikiongeza uga wa chembe, Boris itatosha?

Mchangiaji wa tatu:
Haitatosha peke yake. Uga wenyewe unahitaji gridi inayogawa nafasi katika vyumba vidogo. Gridi ya Yee ya mwaka 1966 huweka umeme kwenye kingo za vyumba na sumaku kwenye nyuso zake, hivyo mtawanyiko wa uga wa sumaku (kiasi kinachotoka chumbani kuzidi kinachoingia) ukianza na sifuri hubaki sifuri. Sheria ya Gauss, inayosema kwamba mtawanyiko wa uga wa umeme hutokana na chaji iliyopo, kwa upande wake inategemea namna unavyogawa mkondo wa chembe kwenye gridi: mkondo usipolingana kikamilifu na badiliko la chaji katika kila chumba, chaji za uongo hujitokeza na kuzalisha uga wa umeme usiokuwepo. Villasenor na Buneman walitoa suluhisho mwaka 1992, na Esirkepov akalipanua mwaka 2001 kwa chembe zenye maumbo mapana zaidi. Anza na njia ya Esirkepov, kisha katika kila hatua linganisha mtawanyiko wa uga wa umeme na chaji iliyomo kwenye gridi. Tofauti ikikua kupita makosa ya desimali, kagua kwanza sehemu inayogawa mkondo.