Mjadala: Mwandishi ana haki ya kuandika siri za ukoo wake?

Wadau wa fasihi, habari za wakati huu. Naleta hoja, naomba tujadiliane kwa hoja. Mtu amezaliwa katika ukoo wenye siri, akajaliwa kalamu. Je, ana haki ya kuiandika siri hiyo ikasomwa na nchi nzima? Mimi nasema anayo. Ila nina masharti, na nitayaeleza.

Mfano wangu ni Neljäntienristeys, riwaya ya kwanza ya Tommi Kinnunen, mwalimu wa Turku ambaye kwao ni Kuusamo, kaskazini-mashariki mwa Ufini, jirani kabisa na Urusi. Ilitoka 2014, na mwaka huohuo ikawa kati ya riwaya zilizowania tuzo ya Finlandia, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya vitabu kule. Kinnunen hakuficha kwamba mbegu ya hadithi aliitoa kwenye ukoo wake mwenyewe.

Hadithi inaanza 1895 na kwenda karne nzima. Maria ni mkunga, anamlea binti yake Lahja bila mume. Lahja anakuwa mpiga picha, naye anaolewa na Onni akiwa tayari ana mtoto. Onni ni mume mpole, baba anayependwa na watoto, fundi wa kujenga. Na anapenda wanaume. Hiyo ndiyo siri.

Sasa angalieni jinsi mwandishi alivyopanga wasemaji, kwa sababu haki ninayoitetea imo humo. Anasema Maria, anafuata Lahja, kisha Kaarina ambaye ni mke wa mtoto wa Lahja, na Onni anakuja mwisho kabisa. Kwenye sehemu ya Lahja unasikia mwanamke mwenye kiu ya kuguswa na mumewe, halafu haguswi, na hana wa kumwambia. Ukifika kwa Kaarina unamwona Lahja huyohuyo kwa macho ya mkwe: mama mkali, mkavu, anayefanya nyumba nzima itembee kwa vidole. Usingetangulia kumsikia yeye mwenyewe, ungemchukia. Ndipo Onni anapopewa nafasi, na huwezi tena kumhukumu yeyote kati yao. Mwandishi angeweza kabisa kumfanya Onni shujaa na Lahja mchawi. Hakufanya hivyo.

Sharti langu la kwanza ni hilo. Ukiandika siri ya ukoo, aliyeumizwa na siri asikae kimya kwenye kitabu chako, na anayeonekana mbaya apewe nafasi ya kujieleza kwa nguvu zote ulizonazo. Ukishindwa hilo, umeandika umbea wenye jalada.

Wapo wanaosema ya ukoo yabaki kwenye ukoo. Kwa Onni sikubali. Ni Sheria ya Jinai ya 1889 iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa Ufini, na kosa hilo lilifutwa 1971. Hata baada ya hapo yalihesabiwa ugonjwa hadi 1981. Kwa hiyo kabla mjukuu hajaandika neno lolote, serikali ilishaingia chumbani kwa watu. Watu walinyamaza kwa sababu kulikuwa na jela. Ukimya wa namna hiyo si mali ya familia, ni historia ya nchi, na wasomaji wengi wa Ufini waliipokea riwaya hii kama historia yao. Kuusamo yenyewe ilichomwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1944, lilipokuwa linaondoka kaskazini. Watu walijenga upya nyumba, wakarudi kuishi ndani yake na mambo yaleyale yasiyosemwa.

Sharti la pili ni la walio hai, na hapa nina msimamo mkali. Mwaka 2007 Ufini ilitikiswa na kitabu cha aliyekuwa mpenzi wa waziri mkuu wa wakati huo, Matti Vanhanen. Hakikuwa riwaya, kilikuwa simulizi la uhusiano wao. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na hukumu ya 2010 ilichambua kwa makini. Kwamba walikutana, kwamba walipendana, hayo yaliruhusiwa. Kosa lilikuwa kwenye kueleza mambo ya faragha ya kitandani, na kueleza hisia na tabia za watoto wa waziri mkuu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubaliana na hukumu hiyo mwaka 2014. Mimi naiona hukumu ya busara sana, hasa hapo kwenye watoto. Mtoto hakuchagua kuwa mhusika wa kitabu cha mtu.

Lakini mtu mzima aliye hai akiandikwa na mwenzake wa ndani, je? Henrik Tikkanen, Mfini aliyeandika kwa Kiswidi, aliandika vitabu vya wazi kabisa kuhusu familia yake na ulevi. Mwaka 1978 mke wake Märta akatoa utenzi wake juu ya kuishi na mume mlevi, mume akiwa hai. Bila kitabu cha mke tungebaki na upande wa mume peke yake, tena umeandikwa vizuri. Hapo mimi niko na Märta bila kusitasita.

Karibuni.

JIBU, kutoka Unguja:
Ahsante kwa mada, ila napinga. Marehemu hana pa kujibia, na sisi tumefunzwa kumsitiri aliyetangulia mbele ya haki. Unasema Onni amepewa nafasi ya kusema. Amepewa na nani? Maneno ni ya mwandishi, marehemu amewekewa tu mdomoni. Hapa kwetu Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akaeleza maisha ya ndani ya jumba la Mtoni na ugomvi wa kaka zake, Majid na Barghash. Watu wanaweza kumlaumu, lakini aliandika aliyoyaona kwa macho yake, na Barghash alikuwa hai, tena juu ya kiti cha usultani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mjukuu anajua nini cha ndani ya babu yake?

JIBU, kutoka Nairobi:
Hoja ya kila mtu kupewa nafasi ni tamu, lakini nafasi hiyo inataka kipaji. Norwei mwaka 2016 Vigdis Hjorth alitoa riwaya ambayo msimulizi wake anamtuhumu baba yake jambo zito sana. Wasomaji wakaichukua kama habari ya familia ya mwandishi mwenyewe. Mwaka uliofuata dada yake, Helga, akajibu kwa riwaya yake. Sawa, yeye aliweza kuandika. Dada asiyejua kuandika afanye nini? Aende mtaani kujitetea kwa mtu mmojammoja?

MLETA MADA:
Wa Nairobi, hapo umenibana, na ndiyo maana naitetea ile hukumu ya 2010. Asiye na kalamu anahitaji sheria, na neno "riwaya" juu ya jalada lisimpe mwandishi kinga ya kila kitu. Walio hai wakitambulika kitabuni, mwandishi awe tayari kujibu.

Ndugu yangu wa Unguja, kuhusu Bibi Salme nakubaliana nawe. Kuhusu mjukuu hapana. Kaarina kwenye riwaya hakuishi na siri ya Onni, aliishi na matokeo yake: mama mkwe asiyecheka, nyumba isiyo na raha, mume aliyekua katikati ya ukimya. Hayo ameyaona kwa macho yake kama Salme alivyoyaona ya Mtoni, na anayeyarithi ana haki ya kuuliza yalianzia wapi. Kumsitiri marehemu ni jambo zuri, nami nimelelewa hivyohivyo. Lakini hapa wamekufa wawili. Ukimsitiri Onni, Lahja anabaki kwenye kumbukumbu za wajukuu kama bibi mwenye roho mbaya, na hana pa kujibia vilevile. Yeye unamfanyia nini?