Tupeane uzoefu: usafi wa nyumba nzima na kuachana na makorokoro

Mwanzisha mada
Wakuu, kufagia na kudeki kila mtu anajua. Nataka tuongelee ile kazi kubwa ya kutoa kila kitu kabatini, uvunguni na stoo, halafu kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Ufagio haujawahi kunishinda, kinachonishinda ni uamuzi. Nikishakishika kitu mkononi, kichwa kinaanza kukitetea: huenda nikakihitaji, kilikuwa ghali, nilipewa na fulani.

Naanza na yangu. Nikisafisha chumba kimoja kimoja huwa naishia kuhamisha vitu kutoka huku kwenda kule. Sasa nafuata aina ya kitu. Zamu ya taulo na mashuka ikifika, nakusanya ya nyumba nzima na kuyamwaga kitandani. Yakiwa yametawanyika kila kabati linaonekana la kawaida. Yakiwa rundo moja, hakuna cha kujitetea. Na sinunui vikapu wala makontena ya kupangia kabla sijapunguza, maana kontena jipya linaipa takataka kibali cha kuishi. Leteni visa vyenu, nadharia tunazo za kutosha.

Mke wa Fundi
Kwetu ugomvi ulikuwa waya. Mume wangu alikuwa na chaja, adapta na nyaya za vifaa vilivyokufa zamani, zimejaa kila droo. Nikisema tutupe, ananijibu, "Siku ukiuhitaji utanikumbuka." Na kuna siku nilimkumbuka kweli, basi tangu hapo akawa hasikii la mtu.

Tukaja kukubaliana hivi: hakuna anayetupa cha mwenzake, hata kiwe takataka ya wazi, ila kila mmoja ana eneo lenye mpaka. Yeye kapewa droo moja. Ikijaa, kikiingia kimoja kinatoka kimoja, na anayechagua ni yeye. Alikaa sakafuni akijaribu waya mmoja baada ya mwingine, anasoma volti na ampea kwenye kila adapta, anafunga kikaratasi chenye jina la kifaa chake. Zile ambazo hakukumbuka ni za nini alizitenga mwenyewe, mimi sijafungua mdomo. Nikajiona mshindi, hadi aliponigeukia kwa upole mno: "Na vile vitambaa vya kushonesha, mama?" Dada zangu mnanielewa. Vitambaa vya nguo ambazo fundi cherehani hajaziona hadi leo. Nami nikapewa mpaka wangu, sanduku moja. Amani ipo, ila sanduku halifungi vizuri.

Kitindamimba
Mimi niseme kuhusu vitu vya marehemu. Mama alipofariki, baadhi ya ndugu walitaka kabati lake limalizwe haraka, wageni wakiwa bado hawajaondoka. Dada mkubwa akakataa, akafunga mlango na funguo akakaa nazo. Alinuniwa sana. Lakini tulipokuja kulifungua, baada ya machozi kupungua, tulikuwa tunacheka na kukumbushana gauni lipi alilivaa wapi. Nyingi tuligawa. Tulivyobaki navyo ni vile vinavyotumika. Mkasi wake wa kushonea ninao na naufanyia kazi.

Nyaraka tu ndizo zisisubiri: hati, bima, vitabu vya benki. Hizo zitafuteni mapema mziweke pamoja. Na anayeanza usafi leo asianze na picha wala barua. Atakaa chini kusoma, giza litamkuta hapo hapo.

Mbishi
Napingana kidogo. Kuna watu wanatupa kwa raha ya kutupa, kesho wanarudi kununua kilekile. Skrubu, mabano na vipande vya bomba mimi navitunza, na majirani wote wanajua mlango wa kugonga.

Mama wa Mpiga Chafya
Mwanangu ana mzio wa vumbi, kwa hiyo kwetu kupunguza vitu ni tiba. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaishi kwenye magodoro, mito na mazulia, vinakula ngozi inayopukutika mwilini mwetu. Tulitoa zulia la chumbani na midoli mingi ya manyoya. Mashuka na foronya tunafua kwa maji ya 60°C, maana ya vuguvugu hayaviui. Mdoli anaoupenda, ambao hauwezi kuvumilia maji ya moto, unaingia friza ndani ya mfuko kwa saa 24, kisha unafuliwa. Mara ya kwanza alilia akidhani rafiki yake ataumwa na baridi.

Zamu ya Usiku
Mwenzenu nafanya kazi hospitali. Ukisafisha bafu, usichanganye dawa ya klorini na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na bafu dogo lililofungwa dirisha si mahali pa kuivutia pumzi. Dawa hiyo ya klorini ikikutana na amonia, gesi inayotoka nayo ni sumu. Tumia moja, suuza, ndipo ushike nyingine.

Na dawa zilizopita muda wake msizimwage chooni, ulizeni duka la dawa kama wanazipokea.

Mwanzisha mada
Asanteni. Nimebaki na simu za zamani. Nataka kuzigawa ila naogopa picha zangu.

Kijana wa Simu
Mkuu, kufuta picha moja moja hakutoshi. Hamisha unachotaka, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha toka kwanza kwenye akaunti yako ndipo urudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Ukiruka hatua ya akaunti, utakayempa anaweza kukuta imejifunga. iPhone zina kufuli hilo tangu 2013, Android tangu 2015.

Mwanzisha mada
Moja imevimba mgongoni, kifuniko kimeachia.

Kijana wa Simu
Hiyo usimpe mtu. Ni betri. Usiichaji, usiitoboe, na usiitupe na taka za kawaida, kwa sababu betri ya lithiamu ikigandamizwa kwenye gari la taka inaweza kuwaka. Iweke mahali pakavu, mbali na karatasi na nguo, uipeleke wanakopokea taka za kielektroniki. Usisubiri umalize usafi, ipeleke hiyo kwanza.